Mlima wa Soko

Kila pikipiki yao kuukuu ilipofika katikati ya mlima wa soko, Mwajabu alishuka akapanda kwa miguu. Klachi ilikuwa imekwisha. Injini ilinguruma bure chini ya uzito wa watu wawili, na wauza ndizi walicheka.

Asubuhi hii aliifungua injini mwenyewe, akatoa sahani za klachi zilizolika, akapachika mpya alizozilaza kwenye mafuta ndani ya sufuria yake ya wali.

"Pikipiki hii imekuzidi umri, mke wangu," mumewe Athumani alimtania. "Itakuumbua."

"Ikinishusha leo, sipandi tena maishani."

Sasa mlima ulikuwa mbele yao.

"Bi Mwajabu, vua viatu kabisa!" wauza ndizi walipiga kelele.

Athumani aliachia klachi taratibu. Pikipiki ikasita, Mwajabu akafumba macho, kisha akahisi gurudumu likiuma ardhi na kuvuta. Alipofumbua, vibanda vya ndizi vilikuwa nyuma yake na vigelegele vimepamba moto.

Karibu na kilele, mbele ya mlango wa nyumba yao, Athumani alipunguza mwendo.

"Pitiliza, baba watoto!" Mwajabu alimwambia huku akicheka.

Wakaipita nyumba. Ng'ambo ya kilele, barabara ilitelemka ndefu na nyeupe, haina mtu.