Vitabu Vyembamba

Jumanne, mtoto wa kitanda namba nne alipewa kitabu chembamba cha kuchekesha, cha jogoo aliyegombea uenyekiti wa mtaa. Ijumaa kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na jogoo amesharudi kwenye toroli.

Toroli ilikuwa ya Mama Vitabu, mwalimu mstaafu aliyezunguka wodi ya watoto mara mbili kwa wiki akiwachagulia wagonjwa vitabu vya kufurahisha. Kwa kuchagua, hakuwa na mpinzani. Alikuwa akijisifu kwamba kwa miaka sita hajarudishiwa hata kitabu kimoja ambacho hakikumchekesha mtu.

Ila alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo waliijua yeye na sista mkuu tu. Kabla ya mzunguko, sista alimpa orodha ya vitanda. Penye nukta ya penseli, Mama Vitabu hakutoa kitabu kinene hata aombwe vipi. Alitoa chembamba, kurasa kumi na mbili, zikizidi sana ishirini, na kusema, "Usiogope, mjukuu wangu. Utakimaliza."

Ni ukatili? Labda. Lakini mwaka wake wa kwanza mvulana mmoja alifia ukurasa wa sitini, akiuliza kama mwizi wa keki alikamatwa. Mama Vitabu alikuwa hajakisoma kitabu chenyewe. Akababaika, na mtoto akaondoka na swali lake. Tangu siku ile aliapa kwamba katika wodi hiyo hakuna atakayekufa katikati ya hadithi.

Leo orodha ilikuwa na nukta moja tu, kwenye kitanda namba sita.

Mama Vitabu aliisoma mara mbili, roho ikamuuma. Namba sita alikuwa Wakili, msichana wa miaka tisa asiye na unywele hata mmoja kichwani, aliyebishana na kila mtu wodini, na akikosa mtu alibishana na sindano. Kitanda chake kilikuwa mwisho kabisa, ubavuni mwa ofisi ya daktari, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao tu. Habari zote za wodi zilianzia kwake.

Akasukuma toroli huku anakohoa. Kikohozi hicho alikisingizia vumbi la vitabu, na ni kwa kubembelezwa ndipo alipokubali kupigwa picha ya kifua wiki iliyopita. Mganga hajigangi. Asubuhi hii daktari alikuwa amemsimamisha mlangoni.

"Ukimaliza mzunguko pitia kwangu, mama. Umekuja na mtu wa nyumbani?"

"Nije na mtu, kwani mimi mtoto?" alijibu akicheka.

Daktari hakucheka. Naye sista mkuu, alipomwona amefika namba sita, alimletea kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote sita. Mama Vitabu akaketi, akajisemea moyoni kwamba huyu naye hatimaye ameshika adabu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Wakili. "Leo nataka kile cha mbuzi aliyeendesha treni."

Kile kilikuwa na kurasa mia tatu.

"Marahaba. Achana na mbuzi, hachekeshi kihivyo. Nimekuletea kizuri zaidi." Akamnyooshea jogoo.

Wakili hakukipokea. Alianza kuhesabu kwa vidole, sauti chini ili wenzake wasisikie. "Namba nne ulimpa huyu huyu jogoo. Kabla yake, yule pacha, ukampa kijiko kinachosema uongo. Yule dada aliyekuwa anaimba, ukampa wigi la mwalimu mkuu. Vyote vyembamba. Wenyewe wako wapi, Bibi?"

 Mama Vitabu, aliyesimama mbele ya watoto miaka thelathini, akajikohoza apate muda.

"Imetokea tu hivyo, mjukuu wangu. Mimi naangalia kinachochekesha. Vyembamba ndivyo vinavyochekesha zaidi."

"Kwa hiyo si mambo ya ugonjwa?"

"Hata kidogo."

"Hata mtu mzima akipewa, asione vibaya?"

"Aone vibaya kwa lipi? Atashukuru."

 Machozi yalimlengalenga Wakili lakini hayakudondoka. Alimpokea jogoo, akamsukumia chini ya mto bila kumfungua, kisha akainama kwenye toroli na kuanza kupekua.

Mama Vitabu alimwacha. Alijua anamtafuta mbuzi, na huruma ikamshika vibaya sana. Akaamua kwamba akimchomoa atamwachia, kanuni na ife. Atakaa hapa kila siku amsomee mwenyewe kurasa zote mia tatu, na zikibaki, atamsimulia mwisho.

Mkono wa Wakili ulimpita mbuzi. Ulishuka rafu ya chini, ukapapasa, ukarudi na kitabu chembamba kuliko vyote kwenye toroli, cha kurasa nane, picha tupu. Nyuma ya ukuta wa mbao kiti cha daktari kilisogezwa na mlango ukafunguliwa.

Wakili alimwekea Mama Vitabu kitabu mapajani.

"Na mimi nimekuchagulia, Bibi," alisema. "Usiogope. Utakimaliza."