Meza ya Wageni

Bi Walburga alimwita mwanaume aliyekaa naye mezani "mlafi" mbele ya uso wake, kisha akamtabasamia.

Mwanaume mwenyewe, mwenye ndevu na shati la maua, alipaliwa na supu. Mkewe akampigapiga mgongoni.

"Ya moto hiyo, bwege wewe, puliza kwanza," Bi Walburga akamwambia kwa Kijerumani, kwa sauti tamu ya mtu anayembembeleza mbuzi.

Matusi hayo ndiyo raha pekee iliyombakia. Alitoka kwao Dortmund mpaka bandari ya Genoa, mjane mpya, akapanda meli kubwa ya watalii ili apate watu wa kupiga nao soga. Nyumbani alikuwa amechoka kuongea na friji. Na kwenye meli hizo, wakati wa chakula cha jioni, abiria wa lugha moja hupangiwa meza moja. Lakini jioni ya kwanza aliikuta meza yake imejaa watu wanaomwagiza mhudumu mvinyo kwa Kiitaliano, mikono ikipepea hewani.

Salamu hakutoa. Alijitupa kitini, akasema kwa sauti, "Mungu wangu, wamenifungia zizini!"

Meza nzima ikanyamaza. Tangu jioni hiyo wakawa wanakula kimya, macho kwenye sahani.

Sehemu nyingine za meli hazikumfariji. Wahispania walikula saa ambazo watu wenye akili wameshalala. Wafaransa waliununia mkate kana kwamba umewatukana. Waingereza walilala juani mpaka wakaiva kama kamba wa kuchemshwa. Na kila tangazo lilisomwa kwa lugha tano, Kijerumani mwishoni, kama makombo. "Meli ikizama," alisema Bi Walburga, "sisi habari tutazipata tukiwa tumeshalowa."

Alimfuata Carmine, mkuu wa wahudumu, Mwitaliano wa Napoli aliyekijua Kijerumani vizuri.

"Nihamishe meza. Ofisi yenu imekosea, na sishangai, imejaa Waitaliano."

"Umejaribu kuwasalimu, signora?"

"Kwa lugha gani? Nibweke?"

Carmine aliitupia jicho meza ile. Mwenye ndevu alitikisa kichwa kidogo tu.

"Meli imejaa, signora," Carmine akasema. "Vumilia."

Akavumilia kwa namna yake. Kila jioni aliwachambua mmoja mmoja, huku akiwachekea ili wadhani anawasifia. Mke wa mwenye ndevu alikuwa amejipaka rangi kama mlango wa baa. Wale ndugu wawili wembamba wa upande wa pili walikuwa na macho ya wezi wa baiskeli. Mmoja wao alikunywa maji glasi nzima bila kupumua. Bi Walburga aliwaonea huruma: kuishi bila kuelewa chochote!

Meli ilipoondoka Marseille, uvumilivu uliisha. Alisimama katikati ya chakula, akasukuma kiti nyuma, akamwita Carmine hadi meza za jirani zikageuka.

"Leo ni siku yangu ya kuzaliwa! Natimiza sitini na tano, na nimezungukwa na ng'ombe wanaotafuna! Marehemu Wilfried alikuwa ananiimbia, kwa sauti mbaya, lakini ananiimbia." Sauti ikamkatika. Akaikusanya upya. "Sitaki keki yenu. Nataka mtu mmoja tu aniambie heri kwa lugha yangu. Nipeleke kwenye meza ya Wajerumani. Sasa hivi!"

Carmine akamtazama mwenye ndevu. Mwenye ndevu akamtazama mkewe. Mke akaweka uma chini, akashusha pumzi, akaitikia kwa kichwa.

"Signora," Carmine akasema polepole, "meza ya Wajerumani humu ndani ni moja tu."

"Basi nipeleke, unangoja nini?"

Carmine hakwenda popote. Alikishika kile kiti ambacho Bi Walburga alikuwa amekisukuma, akakivuta, akakipangusa kwa kitambaa, akamwonyesha akae.

Mwenye ndevu akainua glasi yake.

"Heri ya kuzaliwa, mama," alisema kwa Kijerumani cha Köln, laini kama siagi. "Haya, tupige soga?"