Masale ya Jirani

Maporomoko ya tope yaliwahamisha Sia na jirani yake, lakini kwenye makazi mapya chini ya Mlima Meru, jirani ndiye aliyepewa kiwanja kikubwa chenye bomba. Tangu hapo Sia alimwonea wivu.

Asubuhi hiyo alikuta jirani kapanda masale, mimea ya kuwekea mipaka, karibu na upande wake. Kumbe anasogeza mpaka! Sia akayang'oa yote kwa hasira, mizizi ikimmwagia udongo miguuni.

Jirani akatoka na ndoo ya kumwagilia.

“Dada Sia, hayo si ya mpaka, ni ya kaburi,” alisema taratibu. “Mwili wa mwanangu haukupatikana kwenye tope. Nimezika sweta lake.”

Kwa mila yao, hakuna anayekataa isale, mche mmoja wa masale, ukitolewa kuomba msamaha. Sia akaokota moja kati ya aliyoyang'oa, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Jirani akalipokea, akachuchumaa, akalirudisha kwenye shimo lake.