Kikombe Juu ya Boneti

Mzee Shomari hakuwa mtu wa kununua gari kwa macho. Aliweka kikombe cha kahawa juu ya boneti ya kigari kimoja pale kwenye yadi ya magari, akamwambia mjukuu wake Mwanaidi awashe injini.

"Ikimwagika, mke wangu, twende zetu."

"Isipomwagika, mume wangu?"

"Umepata gari."

Kigari kikakohoa. Kikombe kikacheza ngoma kuelekea ukingoni. Nyuma ya usukani Mwanaidi, aliyepata leseni juzi, alikuwa amefumba macho, midomo ikiomba dua.

Mzee akakidaka kikombe, akainywa kahawa yote ingali moto.

"Hata tone!" akatangaza. Kisha akamnong'oneza wakala wa bima aliyekuwa kando, "Hiki kigari, bwana, kikatie bima kubwa."

Wakaondoka, mzee amekaa mbele, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, kama kimejaa.