Kilio cha Komba

Katika nchi ya Digidigi, wanyama wasiotoa sauti hata msibani, ilisemwa kuwa Komba wa ng'ambo ya mto ni walalamishi, kutwa kulia. Nao Komba waliwaita Digidigi wachoyo, maana hula bila kuitana.

Mama Chausiku, digidigi aliyetoka kumzika mwanawe Chausiku, alivuka mto kutafuta majani. Akawakuta Komba wanalia mitini, akasimama kimya.

"Pole, mama," Komba mmoja akamwambia. "Umefiwa?"

"Umejuaje?"

"Sisi tukilia tunaitana kula. Kwetu, mwenye msiba ndiye hunyamaza."

Komba wote wakashuka, wakaketi naye, kimya.

Aliporudi, majirani wakamuuliza, "Ni kweli wanalia ovyo?"

"Wanalia," akasema. "Ila kwa ajili ya Chausiku wangu, walinyamaza."