Pamba Mpaka Ukingoni

Darini, fundi alisogeza pamba ya kuzuia baridi, akaweka ncha ya bisibisi kwenye boriti yenye doa kubwa kuliko zote. Mke wa mwanangu, aliyekuwa juu ya ngazi akimmulikia tochi, akafumba macho.

Yeye ndiye aliyemwaga pamba hiyo darini, ili nisilale na baridi. Aliijaza mpaka ukingoni mwa paa, akaziba matundu ya hewa bila kujua, unyevu ukakosa pa kutokea. Mbao zikiwa zimeoza, paa lote litashushwa.

"Aliyemwaga hii hana choyo," fundi alisema. "Hakubakiza hata kipembe!"

"Ni mimi," mke wa mwanangu alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi mama hapo chini ana bahati."

Nilikaza mikono kwenye ngazi. Fundi akasukuma kwa uzito wake wote. Bisibisi iligoma kuingia, ikaacha alama ndogo kama ya ukucha.

"Boriti hii ni nzima, dada. Lete kile kibao cha kuachia hewa njia."

Fundi alipokipigilia kati ya pamba na paa, upepo ukaingia kutoka nje, ukampeperushia mke wa mwanangu vumbi jeupe usoni. Hakujipangusa.

"Mama," aliniita huku akicheka na machozi yakimtoka, "upepo unapuliza!"