Moyo Unarudi Kwao

Mataifa yalikubaliana kwamba kila kifaa kikichakaa kirudishwe nchi iliyokitengeneza. Mtaa wa Bi Mwanakombo ukawa safi hata inzi wakahama. Asubuhi moja mkusanyaji, binti mpole, akaja kuuchukua moyo wa bandia wa mume wa Bi Mwanakombo, Mzee Shekuwe.

“Kitendawili!” mzee akamtania.

“Tega, babu.”

“Ngoma yangu hailali.”

“Moyo. Nao muda wake umekwisha.”

“Ukiutoa, yeye je?” Bi Mwanakombo akauliza.

“Yeye ni wa hapahapa, bibi. Anabaki kwenu.”

Mzee akaanza kufungua vifungo vya shati.

“Ngoja! Kwetu mgeni hashiki kazi kabla hajala,” Bi Mwanakombo akasema. Akabandika chungu cha maharage makavu, kisha akaanza kuziondoa kuni mojamoja.